Hesabu za Biashara Yako Zilale Wapi? Jinsi ya Kuchagua Huduma ya Wingu



Tunapozunguka kutembelea vikundi na biashara ndogo, swali moja sasa hutufuata karibu kila mahali. Ushirika wa maziwa umenunua kompyuta. Zahanati imeacha kadi za karatasi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaandika mauzo yake kwenye simu. Kisha anakuja mtu wa mauzo na kuwaambia, "Wekeni kila kitu kwenye wingu." Wengine hukubali papo hapo kwa sababu hawataki kuonekana washamba. Wengine hukataa kabisa kwa sababu hawaoni mali yao inaenda wapi. Katika hao wote hakuna aliyechagua.

Katika makala haya tungependa kueleza aina za watoa huduma za wingu, tofauti zao, na namna ya kupata inayofaa kazi yako. Jambo hili si la mafundi peke yao. Daftari la ushirika likipotea, mkulima hana njia ya kuthibitisha lita alizoleta mwezi mzima. Habari za mgonjwa zikitoka nje, hakuna awezaye kuzirudisha ndani. Kwa hivyo kamati, meneja na mweka hazina hawana budi kuelewa wanachotia sahihi.

WINGU NI NINI?

Wingu haliko angani. Ni kompyuta kubwa ziitwazo seva, zilizopangwa kwa wingi ndani ya jengo lenye stima ya kutosha, jenereta, mitambo ya kupoza joto na walinzi. Mwenye jengo hukodisha nguvu na nafasi ya kompyuta hizo kwa watu wengi. Wao huzifikia kupitia intaneti na kulipa kwa kadiri wanavyotumia. Ni kama kinu cha posho. Si lazima kila boma liwe na mashine yake. Unapeleka debe lako, unasagiwa, unalipia debe hilo tu.

Amazon ilianza kuuza huduma hizi mwaka wa 2006. Google ilifuata mwaka wa 2008 na Microsoft mwaka wa 2010. Wakenya wengi walilitumia wingu kabla hawajajua jina lake, kwa maana barua pepe ya bure haikai ndani ya simu yako bali kwenye seva za kampuni. Hata M-Pesa, iliyoanza hapa kwetu mwezi wa Machi 2007, kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani, mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka wa 2015. Kwa hivyo swali si kama wingu ni zuri au baya. Swali ni wingu la aina gani, la nani, na kwa kazi ipi.

KWANZA JIULIZE: NANI ATAFANYA KAZI GANI?

Watu wengi huanza kwa kuuliza bei. Sisi twashauri uanze kwa kuuliza kazi. Kuna namna tatu za kukodi wingu, na zinatofautiana kwa kiasi cha kazi kinachobaki mikononi mwako.

Namna ya kwanza ni kukodi mashine tupu. Kampuni inakupa seva, nafasi ya kuhifadhi na njia ya mtandao, basi. Kuweka programu, kuzifanyia marekebisho ya usalama na kuwazuia wezi ni juu yako. Ni sawa na kukodi shamba ambalo halijalimwa. Kodi ni nafuu, lakini jembe, mbegu na palizi ni zako. Namna hii inafaa biashara yenye fundi wake wa kudumu, anayelipwa mshahara na anayepatikana hata Jumapili usiku.

Namna ya pili ni kukodi jukwaa. Hapa shamba limelimwa na maji yamefika, wewe unapanda. Kampuni inatunza mashine na mitambo yake, nawe unaweka programu uliyotengeneza mwenyewe. Inawafaa vijana wanaotengeneza programu za kuuza. Duka, shule au ushirika wa kawaida hauhitaji namna hii.

Namna ya tatu ni kukodi programu iliyo tayari. Huu ni unga dukani, wewe wasonga ugali tu. Unafungua akaunti, unalipa kwa mwezi au kwa mwaka, na unaanza kazi. Mifano ni QuickBooks Online kwa hesabu, au Google Workspace na Microsoft 365 kwa barua na nyaraka. Biashara nyingi ndogo zinahitaji namna hii, ingawa mara nyingine wauzaji huwasukumia ile ya kwanza.

Tahadhari. Mashine tupu huonekana rahisi kwenye karatasi ya bei. Lakini ongeza mshahara wa fundi, ongeza siku ambazo kazi imesimama fundi akiwa safarini, halafu linganisha tena. Tumeona vikundi vikilipia mashine kwa miezi mingi bila mtu hata mmoja wa kuifanyia marekebisho. Mashine ya namna hiyo ni nyumba isiyo na kufuli.

Tena, hata ukikodi programu iliyo tayari, kuna kazi ambayo hakuna kampuni itakufanyia. Kampuni hulinda jengo na mashine. Wewe hulinda neno la siri, hupanga nani aone nini, na humfungia njia karani siku ile ile anapoacha kazi. Neno moja la siri likitumiwa na watu watano, mkaguzi wa hesabu hataweza kujua ni nani aliyebadilisha malipo ya mwanachama.

WINGU LA NANI?

Mwezi wa Septemba 2011 taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST ilitoa maelezo ambayo mafundi wengi bado huyafuata. Inataja aina nne kwa kuangalia ni nani anayelitumia.

Wingu la umma. Ni la kila mwenye kulipa. Wateja wengi hutumia mashine zile zile, ila kila mmoja ana chumba chake kilichofungwa. Bei yake ni ya chini kwa sababu gharama hugawanywa, na unaweza kuongeza au kupunguza matumizi wakati wa msimu.

Wingu binafsi. Mashine zimetengwa kwa ajili ya shirika moja tu, ziwe kwenye jengo lake au kwa kampuni nyingine. Usimamizi wote ni wa shirika hilo, na gharama pia. Mabenki na hospitali kubwa hulipendelea. Biashara ya watu sita isijaribu.

Wingu la jumuiya. Mashirika yenye shida moja na masharti yanayofanana hushirikiana. Kwa mfano zahanati kumi, au vyama kadhaa vya akiba na mikopo, huchanga na kukodi pamoja, na kumwajiri fundi mmoja. Sisi tunaona njia hii haijafikiriwa vya kutosha kwetu. Watu waliozoea kununua mbolea pamoja ili wapate bei nafuu wanaweza kukodi seva pamoja vile vile. Lakini waandike mapema nani atalipa sehemu gani, na mwanachama akijitoa ataondokaje na data zake.

Wingu mseto. Kazi nyingine hukaa nyumbani au kwenye wingu binafsi, nyingine kwenye wingu la umma. Zahanati yaweza kuweka faili za wagonjwa mahali pa siri zaidi, na tovuti yake pamoja na barua pepe kwenye wingu la umma.

KAMPUNI YA MBALI, YA HAPA, AU WAKALA?

Kampuni kubwa za kimataifa zina mitambo mingi na ujuzi mwingi. Zimesogea karibu pia. Microsoft ilifungua vituo Afrika Kusini mwaka wa 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka wa 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwezi wa Januari 2024. Lakini fikiria mambo mawili.

La kwanza ni dola. Kampuni nyingi za nje hutoza kwa dola, nawe unauza maziwa kwa shilingi. Chukua ankara ya dola 50 kwa mwezi. Januari 2022, dola moja ikiwa karibu shilingi 113, ungelipa kama shilingi 5,650. Januari 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160, ankara ile ile ilikuwa 8,000. Baadaye mwaka huo dola iliposhuka hadi karibu 129, ikawa kama 6,450. Hukuongeza kazi wala kuipunguza, ila bajeti imeyumba. Kamati ipange akiba kwa ajili ya jambo hili.

La pili ni njia. Data hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama SEACOM na TEAMS zilizofika Mombasa mwaka wa 2009. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito Kenya, Uganda na Tanzania. Programu iliyo kwenye seva za Nairobi haihitaji kuvuka bahari ili kukufikia.

Kampuni za hapa zina seva katika majengo ya Nairobi na Mombasa. Nyingi hutoza kwa shilingi, na unaweza kupiga simu au kufika ofisini. Hata hivyo usichague kwa uzalendo peke yake. Uliza wana majengo mangapi, nakala zinakaa wapi, na wamekuwa kwenye kazi hiyo miaka mingapi.

Wakala ni mtu wa kati. Hukununulia huduma ya kampuni kubwa, hukuwekea, na hukueleza kwa lugha unayoielewa. Wakala mwema ni msaada mkubwa. Lakini sikilizeni vizuri: akaunti iandikwe kwa jina la biashara, na barua pepe yake iwe ya biashara. Isiwe ya wakala, wala ya yule kijana aliyewawekea. Wakikosana au akihamia mjini, biashara itabaki nje ya mlango wa nyumba yake yenyewe.

YALIYOWAPATA WENGINE

Tunasimulia haya matatu ili mjue kampuni inaweza kuwa kubwa na bado mambo yakaharibika.

Moto. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo moja la seva la OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Hakuna mtu aliyeumia, lakini tovuti zaidi ya milioni tatu zilizimika. Waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi kazini. Baadhi ya ambao hawakuwa nazo walipoteza kila kitu. Wengi walidhani kwamba kukodi wingu ni sawa na kuwa na nakala ya akiba. Sivyo. Nakala ni huduma nyingine, na mara nyingi hulipiwa peke yake.

Kufunga duka. Mwezi wa Septemba 2013 kampuni ya Nirvanix ya Marekani, iliyokuwa ikihifadhi data za biashara, iliwaambia wateja wake inafunga, na kuwapa wiki chache tu za kuhamisha mali yao. Fikiria una data za miaka mitano na intaneti ya kijijini. Wiki chache zatosha?

Kosa la mwenye jengo. Mwezi wa Mei 2024 UniSuper, hazina ya pensheni ya Australia yenye wanachama zaidi ya 600,000, ilipata kwamba wingu lake binafsi ndani ya Google limefutwa. Google ilieleza kwamba wakati wa kuliandaa, sehemu moja ya maagizo iliachwa wazi. Mtambo ukajiwekea muda wa mwaka mmoja, na muda ulipoisha ukafuta. Karibu wiki nzima wanachama hawakuweza kuona akaunti zao. Pesa zao hazikupotea. Iliyowasaidia ni kwamba hazina hiyo ilikuwa imeweka nakala nyingine kwa mtoa huduma tofauti kabisa.

Hapa ndipo tunaposhika msimamo wetu: hata ukichagua aina gani, nakala moja ikae nje ya mikono ya kampuni hiyo.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakugusa ukiandika majina, namba za vitambulisho au magonjwa ya watu. Kwa kifupi:

- Ukimpa mwingine akutunzie data, wewe bado ndiwe mwenye kujibu. Mkataba wenu uwe wa maandishi.
- Data zikiibwa na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kampuni inayokutunzia nayo inatakiwa kukuarifu ndani ya saa 48 inapowezekana.
- Kupeleka data nje ya nchi kuna masharti. Uliza zitakaa nchi gani.
- Biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida hailazimiki kujiandikisha kwa Kamishna. Lakini wanaotoa matibabu, wanaoendesha shule na wanaotoa huduma za fedha hujiandikisha hata wakiwa wadogo.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Andikeni maswali haya, mpeni muuzaji, na mdai majibu ya maandishi.

1. Je, tunakodi mashine tupu, jukwaa, au programu iliyo tayari? Kazi gani inabaki kwetu?

2. Data zetu zitakaa mji gani na nchi gani? Nakala je, ziko kwenye jengo hilo hilo?

3. Mnaahidi huduma ipatikane kwa kiasi gani? Asilimia 99.9 maana yake huduma yaweza kupotea dakika 43 kwa mwezi. Asilimia 99 maana yake ni saa 7 na zaidi. Mkivunja ahadi, tunapewa nini? Kwa kawaida hupunguziwa ankara tu, hulipwi hasara ya maziwa yaliyoharibika.

4. Intaneti ikikatika, karani ataendelea kuandika na kupeleka baadaye, au kazi itasimama?

5. Bei ni ya shilingi au dola? Kodi imo? Mwaka wa pili itakuwa ngapi?

6. Tukitaka kuhama, tutapewa data zetu kwa muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma? Kwa gharama gani? Mwaka wa 2024 Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kwamba mteja anayehama kabisa hatatozwa kwa kutoa data zake, lakini utoaji wa kila siku ukizidi kiasi fulani bado hulipiwa. Kampuni nyingine zina masharti yao.

7. Usiku wa manane shida ikitokea, tunampigia nani?

Muuzaji akikasirika kwa swali la sita, mshukuruni na mumwonyeshe njia.

TUSEME NI WEWE

Mwenye duka au kinyozi. Chukua programu iliyo tayari kwenye wingu la umma. Anza na ya bei ya chini kabisa. Kila mwisho wa mwezi toa nakala ya mauzo.

Ushirika wa maziwa wa wanachama 400. Kila mmoja akileta maziwa mara moja kwa siku, ni mistari 12,000 kwa mwezi. Usitishwe na hesabu hiyo. Maandishi hayo yote ni madogo kuliko video moja ya harusi, kwa hivyo asikuuzie nafasi kubwa. Unachohitaji ni programu iliyo tayari, inayofanya kazi hata bila intaneti kule kwenye vituo vya kukusanyia, na bei ya shilingi ikiwezekana.

Zahanati. Tazama sheria kwanza, bei baadaye. Wingu la jumuiya au mseto linafaa kuzungumziwa na zahanati jirani. Usiweke faili za wagonjwa kwenye akaunti ya bure ya mtu binafsi.

Kijana mwenye kutengeneza programu. Jukwaa litakuokoa na kazi ya kutunza mashine, lakini jihadhari usifungwe na kampuni moja kiasi cha kushindwa kuhama.

Wote kwa jumla: nakala ya kila wiki iwekwe kwenye diski, ifungiwe kwenye jengo lingine, na funguo zishikwe na watu wawili. Kila baada ya miezi mitatu ifungueni mwone kama inasomeka. Nakala isiyojaribiwa huenda ikakataa siku mnapoihitaji. Na msihamishe kila kitu kwa siku moja. Anzeni na kitu kimoja, kwa mfano hesabu za mauzo. Mwandike kwenye kitabu na kwenye wingu kwa miezi miwili, mlinganishe, ndipo mweke kitabu kabatini.

YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

- Leo kompyuta yetu ikiibwa, ni kazi gani itasimama kesho asubuhi?
- Ni nani kati yetu anayejua maneno yetu ya siri? Akiondoka, itakuwaje?
- Ni jirani gani wenye kazi kama yetu ambao tungeweza kukodi nao pamoja?
- Tukiambiwa kampuni inafunga baada ya wiki mbili, tungeanza na nini?

Kikundi kisichoweza kujibu swali la kwanza kisitie sahihi mkataba wowote kwa sasa. Kaeni chini na karani wenu, mhesabu mlicho nacho kwenye ile kompyuta, kisha ndipo mmwite muuzaji.